Ngozi Iliyopigwa Mionzi na Jua la Likizo

Likizo ya Desemba ikikaribia, waliomaliza tiba ya mionzi huuliza kliniki: "Daktari, naruhusiwa kwenda Zanzibar?" Ruhusa ipo. Bahari haikatazwi, wala safari. Kinachotakiwa ni kuacha mazoea mawili ya kulipima jua: kwa joto lake, na kwa rangi ya ngozi yako.

Mionzi inayolenga uvimbe lazima ipite kwenye ngozi. Njiani hujeruhi seli zinazozaa ngozi mpya, huharibu mishipa midogo ya damu na kudhoofisha tezi za mafuta na jasho. Kwa Mzungu ngozi huwa nyekundu. Kwetu hukoza weusi, hukauka, kisha huchunika. Hali huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, na wengi hupona ndani ya wiki chache. Lakini hapo ni juu tu palipopona. Ngozi hiyo hubaki kavu na nyepesi kuungua kwa miaka mingi, na hatari ya kupata saratani ya ngozi mahali hapo huwa kubwa kuliko kwingine. Jua huiongeza.

Ngozi nyeusi ina kinga ya asili, ila ina mpaka. Watafiti wameikadiria kuwa sawa na losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 13 hivi, wakati kiwango cha chini kinachoshauriwa ni 30. Kwa ngozi iliyopigwa mionzi, kinga hiyo si ya kutegemea.

Joto nalo hudanganya. Mionzi ya urujuanimno, ndiyo inayounguza, haina joto unaloweza kulihisi. Upepo wa kaskazi ukivuma ufukweni, mtu hukaa saa mbili akijiona yuko salama. Mawingu mepesi huipitisha kwa wingi, na mchanga wa pwani huirudisha juu, hivyo humfikia hata aliye chini ya mwavuli. Anayekwenda bara asijidanganye kwa ubaridi: kila ukipanda mita 1,000, mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge kipimo cha mionzi hiyo (UV index) kikifika 3. Katika nchi zetu, saa sita mchana, mara nyingi kipimo hupita 11. Basi ogelea asubuhi na mapema au jioni, na kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri tafuta kivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali.

Kinga ya kwanza ni nguo. Katika mwaka wa kwanza, sehemu iliyotibiwa ifunikwe kabisa. Inua khanga yako juani: ukiona vidole vyako upande wa pili, na jua linapita hivyo hivyo. Ikunje mara mbili, au tumia kitenge kizito cha rangi iliyokoza. Fulana nyeupe ikilowa hupitisha jua zaidi kuliko ikiwa kavu. Aliyetibiwa titi akumbuke kwamba mara nyingi mionzi hupigwa pia juu ya mtulinga, na baadhi yake hutokezea mgongoni. Muulize mtaalamu wako akuonyeshe mipaka yote. Kwenye basi, kaa upande usio na jua, kwa sababu kioo cha kawaida hakizuii mionzi yote ya jua.

Losheni ya kukinga jua ni kwa sehemu zisizofunikika. Wengi huiona kuwa ni ya watu wenye ualbino pekee, ambao kwa ajili yao losheni ya Kilisun hutengenezwa Moshi, lakini nawe inakuhusu. Chagua yenye SPF 30 au zaidi, isiyo na manukato, inayokinga aina zote mbili za mionzi ya urujuanimno, UVA na UVB. Uso na shingo vinahitaji kijiko kizima cha chai. Kupaka kidogo kidogo hakusaidii. Paka nusu saa kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili na kila utokapo majini. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na liwa hulainisha ngozi, jua hayalizuii.

Usiingie baharini wala bwawani kabla ngozi haijafunga kabisa. Ukitoka, jisuuze kwa maji baridi, jikaushe kwa kupapasa bila kusugua, kisha paka mafuta laini. Kama unatumia doksisaiklini au dawa ya presha ya haidroklorothayazaidi, ongeza tahadhari, maana huifanya ngozi iungue upesi.

Doa jeusi linaloachwa na tiba huwashawishi wengine kutafuta krimu za mkorogo walifute kabla ya harusi za Desemba. Usithubutu. Krimu hizo huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Huichuna ngozi iliyokwisha kujeruhiwa na kuipunguzia kinga iliyobaki. Doa hilo hupungua lenyewe miezi inavyopita, ukilifunika.

Mwisho, kidonda au kivimbe kikitokea mahali hapo na kisipone ndani ya wiki nne, usikitibu kwa krimu ya duka la dawa. Nenda hospitali, na useme mapema kwamba sehemu hiyo iliwahi kupigwa mionzi na mwaka gani, kwa sababu daktari asiyekufahamu hawezi kulijua hilo kwa kuangalia tu.