Maziwa Yapo, Hayashuki

Katika nyumba za kupanga za Mwenge, Dar es Salaam, kilio cha mtoto wa siku tatu hakina siri. Vyumba vimepakana, uwani ni pa wote, na kabla hakujapambazuka kila mpangaji ameshajua kwamba mtoto wa chumba cha mwisho hakushiba. Asubuhi ushauri unaanza kumiminika. Mmoja anasema maziwa bado hayajaingia, apewe maji ya uvuguvugu. Mwingine anasema huo ni mchango, dawa yake anaijua. Wa tatu anaingia chumbani, anaketi kitandani karibu na mzazi na kumwambia, "Hebu mweke titini nione." Huyu wa tatu ndiye ninayetaka kumwandikia makala hii, kwa sababu anachokifanya kina nguvu ndani ya mwili wa mzazi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Unyonyeshaji unaendeshwa na homoni mbili kubwa. Prolaktini hulifanya titi litengeneze maziwa. Oksitosini huyasukuma yatoke: mtoto anapovuta, ubongo wa mama humwaga homoni hiyo kwenye damu, na misuli midogo iliyovizunguka vifuko vya maziwa hujikaza. Wakati mwingine hata sauti ya mtoto kulia inatosha kuyafanya yadondoke. Lakini maumivu, hofu na aibu huweza kuizuia oksitosini. Maziwa yapo, hayashuki.

Mwaka 1948, Michael Newton na mkewe Niles walichapisha jaribio dogo la kupima jambo hilo. Mama mmoja alinyonyesha akiwa ametulia, na mtoto akapata wastani wa gramu 168 za maziwa. Siku nyingine alinyonyesha huku akisumbuliwa kwa makusudi: miguu ilitiwa kwenye maji ya barafu, vidole vya miguu vikavutwa, akaulizwa hesabu mfululizo. Maziwa yakashuka hadi gramu 99. Aliposumbuliwa vilevile lakini akachomwa sindano ya oksitosini, yakarudi hadi gramu 153. Ni mama mmoja tu, na jaribio la namna hiyo haliwezi kuthibitisha kila kitu, ila tafiti za baadaye zimeonyesha pia kwamba usumbufu hupunguza oksitosini wakati wa kunyonyesha. Sasa mfikirie msichana wa uzazi wa kwanza ambaye mama yake yuko Masasi au Rombo, kidonda cha upasuaji kinamuuma, chuchu zimechanika, na watu watatu wamesimama mlangoni wakisema mtoto ana njaa.

Jirani anayeketi naye anampunguzia hofu, na papo hapo anaangalia jambo ambalo mzazi mwenyewe haoni vizuri kutoka juu: mdomo wa mtoto. Je, umefunguka sana? Kidevu kimegusa titi? Ameingiza na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu, au amebana chuchu peke yake? Mtoto anayebana chuchu anaichana na bado hapati maziwa ya kutosha. Wazazi wengi huambiwa wavumilie maumivu hayo, na hapo ndipo ninapokasirika, maana mara nyingi kumsogeza mtoto kidogo kungeyapunguza. Yasipopungua, au titi likawa jekundu na homa ikapanda, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Siku za mwanzo zina hofu yake. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya manjano, hutoka kidogo sana, kwa hiyo mama huona hana kitu. Tumbo la mtoto wa siku ya kwanza linahitaji kama kijiko kimoja cha chai kwa mlo, na kijiko hicho kimejaa kinga. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya nne, baada ya kondo la nyuma kutoka na homoni za ujauzito kushuka. Kwa aliyefanyiwa upasuaji yanaweza kuchelewa.

Hofu kubwa zaidi huja baadaye, kuelekea mwezi wa tatu, mtoto anapodai titi kila mara. "Maziwa yangu mepesi, hayamshibishi," mama anasema, na uji unaanza. Lakini titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo, titi lililobaki limejaa hupunguza kazi, na baada ya wiki kadhaa maziwa yamepungua kweli. Ndivyo hofu inavyojithibitisha yenyewe. Na joto la Dar es Salaam si sababu ya kumpa mtoto maji: zaidi ya asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji.

Kuna pia neno linalonyamazisha. Mtoto akidhoofika, utasikia uwani kwamba "amebemendwa", yaani wazazi wamerudiana kimwili kabla ya wakati. Mila hiyo huenda iliwahi kumpa mwanamke nafasi ya kupumzika na kupanga uzazi, na siidharau. Lakini mama anayeogopa kunyooshewa kidole huchelewa kumpeleka mtoto kliniki, wakati huenda udhaifu unatokana na kuharisha, unyonyaji mbaya au uji ulioanza mapema.

Kwa hiyo ujirani peke yake hautoshi. Unaweza kuleta msaada na unaweza kuleta kikombe cha maji. Kinachoutofautisha ni maarifa, na hayahitaji miaka ya chuo. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, wanawake wa kawaida wa eneo hilo walipewa mafunzo ya takriban wiki moja, kisha wakawatembelea akina mama nyumbani, angalau mara tano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: watoto wa wiki 12 waliokuwa wakinyonya bila kupewa kingine walikuwa asilimia 82, dhidi ya 44 kwa wasiotembelewa. Dhaka, Bangladesh, utafiti wa mwaka 2000 ulipata asilimia 70 dhidi ya 6 katika mwezi wa tano. Afrika Kusini, mpango uleule wa Mbale uliishia asilimia 10 dhidi ya 6. Ushauri wa jirani hufanya kazi tofauti kutegemea maisha yanayomzunguka mama.

Tanzania haikuanza leo. Waliokuwa wakinyonyesha bila kuchanganya, kwa watoto walio chini ya miezi sita, walikuwa asilimia 41 mwaka 2004/05, na wakafika 64 mwaka 2022. Waliobaki wengi wanakwama mahali ambapo msaada wetu hukatika. Bibi huja kwa arobaini, anapika mtori na uji wa pilipili manga, anamkanda mzazi, kisha anapanda basi kurudi kwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, ambazo zinaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Mama lishe, msusi na muuza nguo wa Mwenge hawana hata hizo. Kwao msaada unaohitajika ni mwenzao wa kibanda cha pili kushika biashara kwa dakika 20, au kuwafundisha kukamua maziwa kwa mkono kwenye chombo safi, ambayo mtoto atanyweshwa kwa kikombe. Yakiwekwa kivulini kwenye nyuzi 25 hukaa salama saa 4. Kwenye joto la Januari ni busara kuyatumia mapema zaidi.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Ningependa katika kila mtaa wa Kinondoni na Temeke anayepewa kazi ya wazazi wapya awe mwanamke aliyenyonyesha mwenyewe, anayejulikana uwani, na ziara zake zisikome kwenye arobaini. Ziara ya wiki ya kumi, mama anapojiandaa kurudi sokoni, ndiyo ningeilinda kuliko zote.