Lugha katika Mikakati Badilifu ya Masoko Kidijitali: Mfano wa Biashara ya Mitumba Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Mkakati badilifu wa masoko kidijitali huelezwa kwa kawaida kuwa suala la takwimu. Tangazo hutolewa kwa namna kadhaa, mfumo hupima ni namna ipi iliyobonyezwa zaidi, kisha fedha huelekezwa huko. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaiacha kando lugha, ambayo ndiyo malighafi ya tangazo lenyewe. Makala haya yanalifafanua suala hilo kwa kurejelea biashara ya mitumba, ambayo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki inahusu bidhaa ileile kwa majina tofauti.

2.0 Kile Ambacho Mfumo Hujifunza

Katika matangazo ya utafutaji, Google humruhusu mtangazaji kuwasilisha hadi vichwa 15 na maelezo 4, kisha mashine huvichanganya na kuvipa nafasi zaidi vile vinavyofanya vizuri. Meta, kwa upande wa Facebook na Instagram, imekuwa ikishauri kila kundi la matangazo lipate takribani matokeo 50 kwa wiki ili mfumo uvuke awamu ya kujifunza. Kwa kampuni ya simu idadi hiyo ni ndogo. Kwa muuzaji wa soko la Karume, Ilala, anayelipia tangazo kwa mauzo ya jana, ni kubwa mno.

Kuna tatizo la ndani zaidi. Wauzaji wengi wa mitandaoni hawaandiki bei. Huandika 'bei inboksi'. Mazoea haya yana mantiki yake, kwa kuwa huhamishia mtandaoni yale majadiliano ya bei ambayo mteja wa sokoni ameyazoea. Hata hivyo, tangazo lililowekewa lengo la kupata ujumbe huhesabu ujumbe kuwa ndio mafanikio. Malipo hufanyika baadaye kwa M-Pesa au kwa fedha taslimu, mahali ambapo mfumo hauoni. Hivyo, wiki baada ya wiki, mashine hujifunza kuwatafuta watu wanaopenda kuuliza bei, ambao si lazima wawe wanunuzi. Muuzaji huona simu yake ikilia mchana kutwa na belo halipungui. Ni vigumu kuuita huo ukuaji wa biashara.

3.0 Bidhaa Moja, Majina Matatu

Tanzania na Kenya, nguo hizi ni 'mitumba'. Uganda, neno hilo limekuwa 'mivumba'. Rwanda huitwa 'caguwa', jina linalotokana na kitenzi cha Kiswahili 'chagua', wito wa muuzaji anayemtaka mteja ajichagulie katika lundo. Majina yote matatu yana mkono wa Kiswahili, lakini aliyezoea kutafuta kwa jina la 'caguwa' hatalifikia kwa urahisi tangazo lililoandikwa 'mitumba' pekee.

Sarufi nayo ina sehemu yake. 'Kiatu kinauzwa', 'viatu vinauzwa' na 'nguo zinauzwa' ni kauli moja kwa mzungumzaji. Kwa mfumo unaolinganisha maneno kwa umbo, ni vitenzi vitatu tofauti. Upatanisho wa kisarufi huisambaza takwimu ambayo tayari ni chache.

Suluhisho linalopendekezwa mara nyingi ni kuandaa tangazo kamili kwa kila nchi. Kwa mfanyabiashara mdogo ushauri huo ni mbaya, kwani huligawa fungu lake dogo hadi pasiwe na kundi hata moja linalokaribia matokeo 50. Inafaa zaidi kubakiza mwili mmoja wa tangazo kwa Kiswahili sanifu chepesi, na kubadilisha jina la bidhaa na sarafu tu ndani ya kundi lilelile.

Ikumbukwe pia kwamba mbonyezo hausemi lolote kuhusu forodha. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasitisha manufaa ya AGOA kwa mavazi ya nchi hiyo. Mfumo uliopewa uhuru wa kutafuta wabonyezaji wa gharama nafuu unaweza kupeleka fedha ya muuzaji wa Dar es Salaam kwa wateja wa Kigali ambao hawezi kuwauzia kwa faida. Mpaka wa soko lazima uwekwe na mtu.

4.0 Athari kwa Sera

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likafuata Julai 2022. Maamuzi hayo yamekipa Kiswahili hadhi. Hayajampa mfanyabiashara orodha ya maneno. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuanzisha hazina huria ya istilahi za biashara inayoonyesha kila neno linatumika nchi gani, yakiwamo ya mitaani kama 'belo' na 'mivumba'. Vyombo vya usanifishaji vimezoea kuyaweka kando maneno ya namna hiyo. Kwa kazi hii ndiyo yanayohitajika kwanza, kwa kuwa ndiyo ambayo mteja huyaandika anapotafuta.