Sura ya Sita: Majani Mekundu ya Mwezi wa Tisa

Mwanzoni mwa karne ya 10, mfalme Daigo wa Japani aliwaagiza washairi wa ikulu wakusanye mashairi bora ya nchi yao. Diwani waliyoitoa, Kokinshu, ina juzuu 20, na sita za mwanzo ni za majira ya mwaka. Ukizihesabu unaona upendeleo. Machipuko yamepewa juzuu mbili, majira ya majani kupukutika yamepewa mbili, ilhali kiangazi kimepata moja tu na baridi moja. Wapangaji wale walijua walifanyalo. Kiangazi kikishatulia, ni jua leo na jua kesho. Machipuko na mapukutiko ni nyakati za kupita, na mshairi hupata riziki yake pale ambapo kitu kinaondoka kabla hakijaisha, na kingine kinaingia kabla hakijafika.

Msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kuuliza: nasi tumo wapi humo? Hapa watu huhesabu wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, basi. Jibu langu ni kwamba tumo ndani kabisa, ila tumezoea kuutafuta mpito wetu katika kalenda ya watu wengine.

Mji huu uko kusini mwa ikweta kwa digrii 11 na ushei, juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200. Kwa mwaka hupata mvua ya milimita 1,200 hivi, na karibu yote huanguka kati ya Novemba na Machi. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane, tone ni ajabu. Kinachotokea katikati, Aprili na Mei, ndicho kinachonishughulisha katika sura hii. Ukanda wa mvua hulifuata jua kuelekea kaskazini, na pepo kavu za kusini-mashariki hushika nafasi yake. Mawingu yakiondoka, ardhi hukosa blanketi. Joto lote la mchana hupanda juu usiku na kupotelea huko. Ndiyo maana Juni na Julai alfajiri kipimo huweza kushuka chini ya digrii 10, na anayetoka Katuba au Ruashi kuwahi kazi mjini hujikunja ndani ya koti, katika nchi ambayo wageni huidhania kuwa ni joto mwaka mzima.

Kwa hesabu ya jua, upande huu wa dunia miezi ya Machi hadi Juni ndiyo inayoshika nafasi ya Septemba hadi Desemba ya Ulaya. Aprili ya Lubumbashi ni Oktoba ya Paris. Ila alama zake ni nyingine. Kando ya barabara bowa, ule uyoga wa porini unaouzwa kwa mafungu wakati wa mvua, huanza kupungua, kisha siku moja muuzaji hayupo. Mahindi mabichi ya kuchemsha yanaondoka mikononi mwa watoto, na mahindi makavu yanaingia magunia, tayari kusagwa unga wa bukari. Nyasi hugeuka manjano. Njia za udongo mwekundu, ambazo mwezi mmoja nyuma zilikuwa matope ya kunasa viatu, zinageuka vumbi la kupanda hadi dirishani. Baadaye kidogo moshi wa nyasi zinazochomwa porini hushuka mjini, na jua la jioni linakuwa kubwa na jekundu kuliko kawaida.

Mshairi wa Kiswahili afanyeje na haya? Nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya sura hii, tuutazame kwa karibu:

Mvua imetoweka, haijasema kwaheri,
Mahindi yamekauka, shambani yako tayari,
Vumbi nalo laamka, lafuata kila gari,
Sweta sijalikumbuka, baridi imeshajiri.

Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati ni *ka* na vya mwisho ni *ri*. Huo ni ufundi wa kawaida wa shairi, wala siujivunii. Ninachotaka uone ni vitenzi. Mshororo wa kwanza una *-me-* upande mmoja na *-ja-* upande wa pili: jambo limekwisha kutendeka, na pamoja nalo kuna jambo ambalo lingali linangojewa. Wa mwisho unageuza mpangilio huo. *Sija-* inatangulia, *-mesha-* inafuata, na mtu anakutwa hana sweta. Mpito wote wa majira umo katika viambishi hivyo. Lugha yetu imejaliwa vifaa hivi, *-me-*, *-mesha-*, *-ja-*, *-ngali*, ambavyo kwa silabi moja au mbili humwambia msikilizaji kama jambo limepita, linaendelea, au linachelewa. Mshairi anayeandika kuhusu majira bila kuvitumia anaacha jembe nyumbani anapokwenda shamba.

Tazama pia mshororo wa tatu. Ningeweza kuandika kwamba moyo una huzuni. Nimeandika kwamba vumbi linafuata kila gari, kwa sababu mtu wa Lubumbashi akisikia hivyo anajua ni mwezi gani, na kama ana huzuni ataileta mwenyewe.

Sasa tuje kwenye majani, maana hapa ndipo washairi wetu wengi huteleza. Katika mashairi ya Ulaya, jani likiwa jekundu au la dhahabu, mwaka unazeeka. Jani limeacha kutengeneza kijani chake, rangi nyingine zinajitokeza, kisha linaanguka. Mwanafunzi wa Kongo hukutana na picha hiyo mapema, kwa sababu fasihi anayosomeshwa shuleni ni ya Kifaransa kwa sehemu kubwa, na washairi wa Ufaransa, Paul Verlaine akiwamo, wamelilia sana majani yale. Mwanafunzi anaichukua picha nzima nzima: jani jekundu ni uzee, jani jekundu ni kuaga.

Toka nje ya mji mwezi wa tisa, kuelekea Kipushi au Likasi, kokote palipobakia msitu wa miombo ambao haujaishia kwenye magunia ya makala. Utakuta miti imevaa nyekundu, rangi ya shaba na rangi ya divai, mlima mzima. Mgeni kutoka Ulaya angeapa kwamba ni majani yanayokufa. Kumbe ni majani machanga. Miti ya miombo hudondosha majani yake ya zamani kiangazi kinapokaribia mwisho, na muda mfupi baadaye huchipuza mapya wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, kwa maji na akiba iliyohifadhiwa ndani ya shina na mizizi. Rangi ile nyekundu iko katika jani bichi, laini, ambalo bado halijaanza kazi; likikomaa linakuwa kijani. Mti unaitangulia mvua. Sijui picha ya imani iliyo nzito kuliko hiyo, nayo iko mlangoni kwetu kila mwaka.

Kwa hiyo mshairi wa Haut-Katanga anayeandika kwamba majani mekundu yanamkumbusha kifo ameazima kifo cha msitu wa watu wengine. Msitu wake mwenyewe unasema kinyume chake.

Mfano wa kufuatwa upo hukohuko Ulaya. Tarehe 19 Septemba 1819, mjini Winchester, John Keats alitunga shairi linalohesabiwa na wengi kuwa bora kuliko yote ya Kiingereza kuhusu majira ya majani kupukutika. Siku mbili baadaye alimwandikia rafiki yake barua, akamweleza jinsi mashamba yaliyovunwa, yaliyobaki mabua matupu, yalivyompendeza katika matembezi yake ya Jumapili, hata akaona machipuko hayana uzuri wa namna ile. Aliandika alichokiona kwa miguu yake. Tarehe hiyohiyo, huku kwetu, miombo ilikuwa katika wekundu wake mpya. Wa kumwiga Keats na aige matembezi yake. Majani yake ayaache Winchester.

Hatuna upungufu wa washairi. Lubumbashi ya miaka ya 1970, vitivo vya fasihi vya Zaire vilipokusanywa hapa kuanzia mwaka 1971, ilikuwa nyumba ya V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyetoa diwani zake za Kifaransa katika miaka hiyo, na ya Clémentine Faïk-Nzuji, mshairi na mtafiti wa kasala, utenzi wa sifa wa Waluba. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, anaishi Graz, Austria, ambako majani ya Oktoba hupukutika kweli. Yeye akiandika juu ya jani linalokufa barabarani, ana jani lake. Lakini hawa wote wameandika hasa kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili cha Katanga, mpito wa majira umeachiwa zaidi mazungumzo ya sokoni, na hilo naliona ni hasara.

Washairi wa pwani walilimaliza suala hili zamani, kwa kuwa riziki yao ilitegemea upepo. Kaskazi ikikoma na kusi ikianza, majahazi hubadili safari, biashara hubadilika, mke hujua mume arudi lini. Mshairi wa Mombasa wa zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, akiitaja pepo moja tu, wasikilizaji walijua mwezi, bei na wasiwasi. Bara hatuna kusi ya kuendesha jahazi. Tuna bowa, vumbi, sweta, moshi na jani la miombo.

Wajapani waliziandikia alama za namna hii vitabu maalumu, vikionyesha kila neno ni la majira gani, na washairi wa haiku huvitumia mpaka leo. Nawe msomaji unayeandika, nunua daftari mwezi wa tatu mwishoni. Waulize mama wauza bowa ni uyoga gani hutangulia na upi hufunga msimu. Waulize wachoma makala mti gani huwa wa kwanza kuchipuza. Andika majina wanayoyatumia wao, kwa Kiswahili chao, pamoja na tarehe. Fanya hivyo hadi mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba, ndipo uanze kutunga.