Elementi, Kampaundi na Mchanganyiko

Katika mazungumzo ya kila siku neno "mchanganyiko" hubebeshwa mzigo mzito. Mchanga na saruji ni mchanganyiko. Chai na maziwa ni mchanganyiko. Na wako wasemao hata kwamba chumvi ni mchanganyiko wa sodiamu na klorini. Kauli hii ya mwisho ni kosa katika kemia, wala si kosa dogo, kwani humfanya mwanafunzi atazamie katika chumvi tabia zisizokuwamo.

Elementi ni maada isiyoweza kugawanywa kwa njia za kemia ikatoa maada nyingine iliyo sahili zaidi. Elementi zijulikanazo leo ni 118, nazo sodiamu na klorini zimo miongoni mwake. Sodiamu ni metali laini iwezayo kukatwa kwa kisu, nayo ikitiwa majini huchachamaa kwa nguvu hata pengine kuwaka. Klorini ni gesi yenye sumu, ambayo mwaka 1915 ilitumiwa kuwa silaha ya vita huko Ypres, nchini Ubelgiji.

Zinapoungana elementi hizi mbili, huzaliwa kampaundi, nayo ni chumvi ya kula, ambayo haiwaki wala haidhuru kama gesi ile. Aidha, kipimo chake hakibadiliki: gramu 100 za chumvi safi huwa na gramu 39 hivi za sodiamu na gramu 61 hivi za klorini, iwe imetoka Uvinza au Bagamoyo. Kuzitenganisha si kazi ya ungo wala ya jua. Humphry Davy alipoipata sodiamu mwaka 1807, kutoka katika kampaundi nyingine iitwayo kostiki soda, ilimbidi atumie nguvu ya umeme.

Maji ya bahari, kwa upande wake, ni mchanganyiko. Chumvi iliyomo ni chumvi ile ile, na maji ni maji yale yale. Ndiyo maana katika mashamba ya chumvi jua huyakausha maji, na chumvi ikabaki. Kipimo nacho si kimoja. Kilo moja ya maji ya bahari kuu huwa na gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali. Ile ya Bahari ya Shamu hukaribia gramu 40. Na ile ya Baltiki, mahali pengi, haifiki gramu 10. Hata hivyo yote huitwa maji ya bahari.

Yafaa izingatiwe kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyolingana na tofauti hii: kuchanganyika na kuungana. Watu huchanganyika sokoni, kisha kila mmoja akarudi kwake jinsi alivyokuja. Waliokwisha kuungana hawaachani kwa urahisi huo. Majina ya vitu, hata hivyo, hayasaidii daima. Shaba nyekundu ni elementi, lakini shaba nyeupe ni mchanganyiko wa shaba hiyo na zinki, ijapokuwa zote mbili huitwa shaba.

Basi hapana budi mwalimu achague kitenzi chake kwa uangalifu. Aseme kwamba maji na chumvi vimechanganyika baharini, na kwamba sodiamu na klorini zimeungana katika chumvi. Mwanafunzi aliyezoea kusikia hivyo ataitambua tofauti kabla hajafundishwa fomula hata moja.