Safari ya Ng'ambo au Mtihani?

Katika miaka hii yetu shule nyingi zimezoea kuwapeleka wanafunzi wao ng'ambo. Wengine hupelekwa Nairobi au Kigali, wengine Dubai, na wengine hufika hata Istanbul, wakaone vyuo vikuu, majumba ya makumbusho, na namna watu wa nchi nyingine waishivyo. Hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingi barua ya safari huingia nyumbani katika mwaka ule ule ambao mtoto anakabiliwa na mtihani mkubwa, na hapo nyumba hugawanyika. Mtoto ataka kwenda, mama ana wasiwasi, baba ahesabu fedha, na mjomba asema kwamba bahati kama hiyo haibishi hodi mara mbili. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, kabla fedha haijalipwa wala mtoto hajaahidiwa.

Faida ya Safari

Kwanza tusiidharau safari. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wajua tangu zamani kwamba bahari ni njia wala si ukuta. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325, naye kijana wa miaka 21, na mwaka 1331 alikuwa amekwisha fika Mombasa na Kilwa. Imamu Bukhari alipokwenda Makka kuhiji pamoja na mama yake na ndugu yake alikuwa na umri wa miaka kama 16, yaani umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne wa leo. Wenziwe walirejea nyumbani, yeye akabaki huko kutafuta elimu.

Lakini lipo jambo moja katika habari za watu hawa ambalo wengi hulisahau. Kabla hajaondoka, Bukhari alikuwa amekwisha hifadhi vitabu vya Ibn al-Mubarak na vya Waki'. Ibn Battuta naye alikuwa amesoma sheria, na elimu hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya ukadhi alipofika Delhi. Kila mmoja wao alikwisha shika kwanza kile kilichokuwapo kwao, kisha akafunga safari. Safari iliongeza juu ya elimu waliyokuwa nayo; haikuchukua mahali pake.

Mtihani Haumngoji Mtu

Natutazame sasa upande wa pili, na tuchukue mfano wa Tanzania. Mtihani wa kumaliza kidato cha nne husimamiwa na Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973. Hufanywa mara moja tu kwa mwaka, katika mwezi wa Novemba, na huchukua wiki mbili au tatu. Daraja la mwanafunzi hupatikana kwa masomo yake saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, na F tano. Mwenye pointi 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza. Na atakaye kuchaguliwa kuingia kidato cha tano hana budi kupata angalau C katika masomo matatu yasiyokuwa ya dini.

Hesabu hii yaonyesha jinsi mambo yalivyo membamba. Mwanafunzi aliyekuwa akielekea C katika Hisabati au Kemia, kisha akaangukia D, huenda akafungiwa mlango wa masomo ya sayansi kwa sababu ya somo moja tu. Na aliyekosa mtihani hawezi kuomba afanyiwe mwingine mwezi ufuatao. Itampasa angoje mwaka mzima na ajiandikishe tena, huku wenziwe wakiwa wamekwisha mwacha.

Siku Saba Si Siku Saba

Wazazi wengi husema, "Ni juma moja tu." La, si juma moja. Kabla ya safari huwapo mbio za pasi ya kusafiria, chanjo, nguo na vikao. Moyo wa kijana huwa umekwisha panda ndege kabla ya mwili wake. Akirejea huwa amechoka, ana hadithi za kusimulia, na daftari humwia zito. Mwenye busara auhesabu mwendo huo kuwa ni wiki tatu. Wiki tatu za mwezi wa Machi zaweza kufidiwa. Wiki tatu za mwezi wa Oktoba, wakati mwalimu anaporudia masomo ya miaka yote minne, hazifidiki.

Kwa hiyo yatupasa kujiuliza maswali matatu. Je, kati ya kurudi kwake na mtihani zabaki wiki ngapi? Je, mtihani wa majaribio, huo ambao wanafunzi huuita moko, ulionyesha kwamba yu tayari? Na je, mwalimu wake wa darasa, si yule mwenye kuiandaa safari, ana shauri gani? Majibu yakiwa mema, hapana sababu ya kumzuia. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye mwaka wake hauna mtihani wa taifa, na aende bila ya hofu. Bali ikiwa safari yaangukia Oktoba au Novemba ya kidato cha nne, shauri letu ni moja: na abaki.

Wala kubaki si kunyimwa milele. Mtihani humalizika mwezi wa Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati pana miezi saba ambayo vijana wengi huipoteza barazani. Huo ndio wakati wa kusafiri, iwapo fedha ipo, hata kama ni kwenda kwa shangazi aliyeko Mombasa au Muscat. Ni kweli kwamba atawakosa wenziwe wa darasa, na hilo ni hasara; lakini ni hasara iwezayo kuvumilika.

Fedha na Ahadi

Liko pia suala la fedha. Kabla ya kutoa arubuni, mzazi aulize kwa maandishi kama itarudishwa mtoto asipokwenda. Wengine wameshindwa kumzuia mtoto kwa kuwa fedha ilikwisha lipwa, wakaacha arubuni iamue jambo ambalo wao wenyewe walipaswa kuliamua. Na mwenye kukopa ili jirani waone picha za mwanawe akiwa ugenini, huyo amenunua sifa kwa deni.

Mwisho, kijana mwenyewe aketi katika shauri hilo. Awekewe kalenda mezani na aihesabu kwa mkono wake. Mtoto aliyeshirikishwa hubaki akasoma. Aliyeamriwa tu hubaki akanuna, na mwenye kununa hafaidiki kwa safari wala kwa mtihani. Kipimo cha binti na cha mvulana kiwe kimoja. Ni dhulma kumwambia dada "soma" na kaka "nenda", nao wako katika darasa moja. Kisha wasali istikhara baada ya kutafakari na kushauriana, si badala yake.

Na mzazi akisema, "Ngoja, utakwenda baada ya mtihani," basi na atimize, au aseme mapema kwamba hana uwezo. Mtoto husahau upesi safari aliyoikosa, lakini ahadi iliyovunjwa na baba yake huikumbuka hata uzeeni.