Ukimya Una Kilo: Utangulizi wa Kupunguza Uzito wa Gari la Spoti

Kabla hujashika bisibisi, inua kapeti ya gari lolote na ugonge sakafu kwa kifundo cha kidole. Ukisikia "du", mlio mzito unaokufa papo hapo, ujue bati limebandikwa karatasi nene ya lami. Sasa gonga pale ambapo lami haikufika: bati litalia kama debe tupu. Ukizielewa sauti hizo mbili, umeshaingia darasani.

Bati la gari ni jembamba. Injini ikitetema nalo hutetema, na kinachotetema hutoa sauti. Lami hupokea mtetemo huo na kuugeuza kuwa joto dogo mno. Kazi hiyo tuiite ufifishaji, yaani kuufanya mtetemo ufe mapema. Sponji iliyo chini ya kapeti ina kazi nyingine, ufyonzaji: hunasa sauti ambayo imekwisha kuingia hewani. Kazi ya tatu ni uzuiaji, na huu hauna ujanja wowote, unategemea uzito tu. Ukuta ukiongezwa uzito maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa hiyo ukimya hununuliwa kwa kilo.

Injini nayo hulipa kila kilo. Wataalamu hutumia uwiano wa uzito kwa nguvu, yaani kilo ambazo kila nguvu farasi moja imebebeshwa. Mfano nisiouchoka ni Porsche 911 Carrera RS ya 1973. Ilitoka kwa namna mbili, injini ileile ya lita 2.7 yenye nguvu farasi 210. Ya starehe ilikuwa na kilo 1,075, nyepesi, 960. Gawanya mwenyewe: 5.1 kwa 4.6. Katika ile nyepesi waliondoa vizuia sauti, viti vya nyuma, hata saa ya dashibodi, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani kwa kuvuta ukanda.

Hapa wengi hujikwaa, wakidhani kilo zote 115 za tofauti hiyo zilikuwa za lami na sponji. Sivyo. Bati lenyewe na vioo pia vilifanywa vyembamba. Tena lami hukaa sakafuni, chini kabisa. Ukiiondoa, kitovu cha uzito, ile nukta ambayo uzito wote wa gari huhesabiwa kuwa umekaa hapo, hupanda kidogo. Kwenye kuondoka na kufunga breki, kilo ni kilo popote itokapo. Kwenye kona, kilo ya paa ina thamani kuliko ya sakafu. Jambo hili hata mafundi wazoefu hulisahau.

Kuhusu kuibandua lami, njia ninayoipenda ni barafu kavu: kabonidioksidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Itandaze juu ya lami, subiri dakika kadhaa, kisha gonga kwa nyundo. Lami iliyokuwa ikinata kama ulimbo itapasuka kama sahani. Ila vaa glavu nene na uache milango yote wazi, kwa maana barafu hiyo hugeuka kuwa gesi inayofukuza hewa, na ndani ya gari lililofungwa inaua. Gundi iliyojazwa kwenye maungio ya mabati usiiguse. Hiyo inazuia maji, si sauti. Palipokwanguka rangi, paka upya siku hiyohiyo, kabla kutu haijaonja.

Vipande vyote vitie kwenye kiroba, kipandishe kwenye mizani, uandike namba. Ikiwa ndogo kuliko ulivyotarajia, usivunjike moyo: fungua nati za kiti cha nyuma, nacho ukipime.