Kabla Hujalipia Pikapu ya Shamba: Soma Nyota, Kisha Waulize Wenye Magari



Msimu huu naulizwa maswali ya gari kuliko ya mbolea. Nafurahi, maana inaonesha vijana mnatoka kwenye kuuzia shambani mnaenda kusaka bei sokoni wenyewe. Ila hapa ndipo nimeona mitaji ikikatika. Mtu kalima vizuri misimu mitatu, kachukua mkopo, kanunua gari kwa sababu linang'aa au kwa sababu fulani kalisifia kijiweni. Mwezi wa pili gari liko gereji, nyanya ziko shambani zinaiva, na marejesho ya mkopo hayajui kama gari limeharibika.

Mimi si fundi wala dalali, diploma yangu ni ya kilimo. Lakini gari la mkulima wa biashara ni pembejeo kama pembejeo nyingine. Mbegu tunaichaguaje? Tunasoma lebo, halafu tunamtafuta aliyeipanda kwenye udongo na hali ya hewa kama yetu. Gari nalo ni hivyo hivyo. Alama za mitandaoni ndiyo lebo, mwenye gari ndiye shamba darasa. Unahitaji vyote viwili.

1. Jua alama inapima kitu gani

Vijana wengi wananiambia, "Hili lina nyota tano." Sawa, nyota tano za nini?

Nyota za Euro NCAP ni za usalama: gari likigongwa linamlinda vipi aliyemo ndani, na lina vifaa gani vya kuepusha ajali. Hazisemi chochote kuhusu injini kudumu. Tena zinategemea toleo. Mwaka 2016 Toyota Hilux ilipopimwa, ile ya kawaida ilipata nyota 3, na iliyoongezewa vifaa vya usalama ikapata 5. Jina moja, sura moja, nyota tofauti. Kwa hiyo uliza toleo unalouziwa wewe lina nini: mifuko ya hewa mingapi, breki za ABS zipo au hazipo.

Usizidharau nyota hizo. Mwaka 2018 Global NCAP walipima Nissan NP300 Hardbody, pikapu iliyokuwa ikiuzwa mpya hapa Afrika, ikapata nyota sifuri kwa ulinzi wa watu wazima. Wewe na vibarua wako mnapita Kitonga usiku katikati ya malori. Hilo si jambo la kupuuza.

Alama ya uimara ni nyingine. Mfano J.D. Power wa Marekani huwauliza wamiliki wa magari yenye miaka mitatu wamepata matatizo gani, kisha wanahesabu matatizo kwa kila magari 100. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri. Ila soma kwa akili: redio kugoma kuunganishwa na simu nayo inahesabiwa tatizo. Na wanaojibu wanaendesha barabara za Marekani, si njia ya kutoka bondeni wakati wa masika.

Kwa gari lililotumika Japani, utaoneshwa karatasi ya mnada yenye alama kama 4.5, 4 au 3.5. Hiyo ni hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Ukiona R au RA, jua limewahi kupata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo haitabiri kesho.

Na kitu kimoja wengi hawakijui: Hilux haikuuzwa rasmi Japani kuanzia 2004 hadi 2017. Ukiambiwa "Hilux ya 2010, imetoka kwa Mjapani, kilomita chache", omba uoneshwe nyaraka za ilikotoka kweli. Hilux nyingi za miaka hiyo ziliundwa Thailand, na huenda hiyo imefanya kazi nchi nyingine kabisa.

2. Tafuta mwenye gari anayefanana na wewe

Anayeendea kanisani na harusini atakuambia gari halijawahi kumsumbua. Ni kweli, na yeye hajalisumbua pia.

Upande wa pili kuna wanaolaumu gari kwa kosa la mzigo. Chukua Kirikuu. Ile ya Japani ya cc 660 imeruhusiwa kwao kubeba kilo 350. Tenga la nyanya likiwa na kilo 40, matenga 8 ni kilo 320. La tisa umeshazidi. Sasa mtu anapakia matenga 20, springi zinalala, klachi inaungua, halafu anatangaza Kirikuu ni mbovu. Ushuhuda wake unakufundisha kuhusu mzigo kuliko kuhusu gari.

Tafuta angalau watu watano wenye gari la aina ile ile, injini ile ile, miaka inayokaribiana, wanaobeba mazao kwenye njia kama zako. Usiwaulize "Gari ni zuri?" Mtu hawezi kuponda mali yake mbele yako. Waulize hivi:

- Mwaka uliopita limelala gereji siku ngapi?
- Kifaa gani ulibadilisha, kwa shilingi ngapi, na ulikipata wapi?
- Nani anakutengenezea, na yuko umbali gani?
- Huwa unapakia kilo ngapi?
- Ungepewa hela leo, ungenunua lile lile?

Jibu la swali la mwisho lina thamani kuliko nyota zote. Halafu nenda kwa mafundi wawili wasiouza magari, uwaulize gari gani wanaliona mara nyingi mlangoni kwao na kwa tatizo gani. Kumbuka tu kwamba gari lililojaa mjini litaonekana sana gereji kwa sababu ya wingi wake. Ndiyo maana uliza tatizo, si idadi peke yake.

3. Angalia injini inakula mafuta ya aina gani

Dizeli za kisasa zinasukuma mafuta kwa presha kubwa sana, zaidi ya bar 1,000. Maji au uchafu kidogo kwenye dizeli ya kwenye madumu unaua injekta, na injekta si bei ya plagi. Dizeli za zamani huvumilia zaidi, lakini hazina nguvu wala usalama wa matoleo mapya.

Pikapu nyingi za dizeli za miaka ya karibuni zinazotoka Uingereza zina chujio la masizi kwenye eksozi. Ulaya dizeli yao ina salfa isiyozidi ppm 10. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa ppm 50. Tena chujio hilo linahitaji safari ndefu za mwendo ili lichome masizi yake. Ukiwa kila siku shamba–kijijini–shamba, kilomita nne nne, linaziba. Muulize muuzaji lipo au limetolewa, na nani alilitoa.

4. Hesabu siku za kusimama

Vijana wawili wanaolima nyanya kwa ubia huku Ilula walikuwa wanachagua pikapu mbili. Ya kwanza ilikuwa na nyota tano, na bei yake ilikuwa chini kwa milioni 4. Niliwapa kazi ya kuzungumza na wenye magari watano kwa kila moja. Wakarudi na hili: ya kwanza inatembea vizuri, ila ikiharibika spea zinaagizwa, na watatu kati ya watano walisimama zaidi ya wiki mbili. Ya pili spea zipo Iringa mjini.

Tukapiga hesabu. Tuseme gari linasimama siku 14 za mavuno, na kukodi gari ni Sh 150,000 kwa siku. Hiyo ni Sh 2,100,000. Misimu miwili ni Sh 4,200,000, punguzo limekwisha, na hujagusa bei ya spea wala nyanya zilizooza.

Ila sikuwaacha wachukue ya pili kwa sifa tu. Ile waliyooneshwa haikuwa na mifuko ya hewa wala ABS. Wakasubiri mwezi mzima, wakapata toleo la mbele kidogo lenye vyote, kwa kuongeza milioni moja na nusu. Ni hela, ndiyo. Lakini dereva ni mmoja wao, na ana mtoto mchanga.

5. Kabla hela haijatoka

- Likague likiwa halijawashwa tangu jana. Injini ya moto inaficha mengi.
- Lijaribu likiwa na mzigo, kwenye mlima.
- Mpeleke fundi wako, si wa muuzaji.
- Linganisha namba ya chasisi na kadi ya gari, na angalia faini za trafiki.
- Kama unaagiza nje, piga kwanza kodi kwenye kikokotoo cha TRA. Umri wa gari unabadilisha kodi sana.
- Kama ni jipya kutoka kwa wakala, soma masharti ya waranti na uliza kituo cha huduma cha karibu kiko wapi. Waranti ya kuifuata kilomita 500 ni ngumu kuitumia.
- Bakiza hela ya matairi, bima na matengenezo ya kwanza. Usimalize mkopo wote kwenye bei.

Na kama hesabu ikikuonesha gari litafanya kazi miezi mitatu tu kwa mwaka, kodisha kwanza msimu mmoja. Hakuna aibu. Weka hiyo hela kwenye matone na mbegu bora, gari lisubiri.

Msimu mwema.